Sura ya Tano: Kidonge cha Siku Usiyoumwa

Katika miaka ya 1970, David Sackett na Brian Haynes wa Chuo Kikuu cha McMaster waliingia kwenye kiwanda cha chuma mjini Hamilton, Kanada, na swali ambalo kila muuguzi wa kliniki ya presha amewahi kujiuliza: mbona huyu dawa tumempa na hamezi? Walipata wafanyakazi 230 wenye presha ya kupanda. Baadhi yao walifundishwa kwa kina presha ni nini, inaharibu nini mwilini, dawa inafanya kazi gani na kwa nini imezwe kila siku. Walifundishika. Walipoulizwa maswali, walijibu vizuri kuliko wenzao kwa mbali. Wengine walirahisishiwa huduma, wakatibiwa hapo hapo kazini badala ya kupoteza siku kwenda kwa daktari wa mtaani. Miezi sita ikapita, vidonge vikahesabiwa. Waliofundishwa hawakuwa wamemeza dawa zaidi ya wasiofundishwa. Waliohudumiwa kiwandani, vivyo hivyo.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1975. Nauweka mwanzoni kwa sababu kliniki zetu nyingi bado zinaendeshwa kana kwamba haukuwahi kufanyika. Mgonjwa akirudi na 180 kwa 110, kinachofuata ni somo: chumvi, kiharusi, figo, "hii dawa ni ya maisha", na pengine karipio juu yake. Mgonjwa anaitikia kwa adabu, anachukua kadi yake, anaondoka. Mwezi unaofuata somo ni lile lile. Sisemi elimu haina kazi. Asiyejua kwamba dawa ya presha humezwa hata siku asiyoumwa hawezi kuimeza siku hiyo. Ninachosema ni kwamba anayejua naye anaiacha, na anaiacha kwa sababu ambazo somo halizigusi.

Ukubwa wa jambo hili kwetu umejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 2000 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ilala, Dar es Salaam, na katika kijiji kimoja cha Kilimanjaro. Kati ya kila watu 100 wenye presha ya kupanda, waliojijua hawakufika 20. Waliokuwa wakitumia dawa walikuwa kama 10. Walioweza kuishusha chini ya 140 kwa 90 hawakufika hata mmoja. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha maishani mwao. Na Shirika la Afya Duniani lilipotoa ripoti yake ya kwanza kuhusu presha mwaka 2023, lilisema kati ya kila watu watano wenye maradhi haya duniani, wanne hawatibiwi inavyotosha. Kwa hiyo mgonjwa aliyepimwa, akaambiwa, akapewa dawa na kufika nayo nyumbani ameshavuka milango ambayo wengi wameishia nje yake. Kumpoteza mtu huyo baada ya hapo ni hasara inayoniuma kuliko zote zilizomo katika kitabu hiki.

Tatizo la kwanza ni kwamba presha kwa kawaida haiumi. Mtu aliyekulia Tabora au Kilifi amejifunza tangu utotoni dawa ni kitu gani: unaumwa, unameza, unapata nafuu, dozi inaisha. Mseto wa malaria humezwa siku tatu. Dawa ya kifua humezwa siku tano au saba, na nesi anasisitiza "umalize dozi". Hata kifua kikuu, pamoja na urefu wa matibabu yake, kina siku ya kumaliza. Kidonge cha presha hakifuati hata moja ya kanuni hizo. Humezwa na mtu anayejisikia mzima, hakimwondolei maumivu yoyote, pengine kinampa uchovu ambao hakuwa nao, na dozi yake haina mwisho. Faida yake ni jambo lisilotokea, na hakuna mtu anayeamka asubuhi akashukuru kwa kiharusi ambacho hakikumpata usiku.

Faida hiyo si ya kubahatisha. Uchambuzi uliojumuisha majaribio 123 yenye washiriki zaidi ya 600,000, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba kila presha ya juu, yaani namba ya kwanza ya kipimo, inaposhushwa kwa milimita 10 za zebaki, hatari ya kiharusi hupungua kwa asilimia 27, na ya moyo kushindwa kufanya kazi kwa asilimia 28. Ni faida kubwa sana kwa kidonge ambacho mara nyingi ni cha bei nafuu. Ila mmezaji haioni.

Mchukulie fundi seremala wa Keko mwenye miaka hamsini na mbili. Si mtu mmoja ninayemjua; nimemuunda kwa mambo ambayo mhudumu yeyote wa kliniki ya presha atayatambua. Alikwenda kupima kwa sababu ya kichwa, akakutwa na 176 kwa 104. Akapewa amlodipini na haidroklorothiazaidi. Mwezi wa tatu kipimo kikasoma 128 kwa 80, muuguzi akafurahi kwa dhati: "Hongera baba, presha yako imekaa sawa." Fundi alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba amepona. Vidonge vilivyobaki vikawekwa juu ya kabati, visipotee, vije vimsaidie mwingine.

Hakukaidi hata kidogo. Alifanya kile alichoelewa kutokana na hongera ile. Kauli iliyohitajika ilikuwa ndefu kidogo tu: "Imekaa sawa kwa sababu unameza dawa. Ukiacha itapanda tena, na haitapiga hodi." Ningependa kila mhudumu aizoee kauli hiyo, kwa sababu siku presha inaposhuka ndiyo siku mgonjwa yuko karibu zaidi na kuacha dawa.

Wengine hawafiki huko kwa sababu ya hofu iliyoenea mitaani: ukishaanza dawa za presha, ndiyo basi, huwezi kuacha. Watu wanaisema kama onyo, na mgonjwa mpya anaahirisha mwaka mmoja, miwili, akijilinda na dawa badala ya kujilinda na ugonjwa. Ajibiwe kwa ukweli wote. Dawa haiufanyi mwili uwe mtumwa wake. Presha ndiyo inayobaki, na ukiondoa dawa inarudi ilikokuwa. Wapo waliopunguziwa dawa baada ya kupunguza uzito na chumvi, wakiwa mikononi mwa daktari. Na zipo dawa chache, kama klonidini, propranololi na atenololi, ambazo kuziacha ghafla ni hatari kwa sababu presha au mapigo ya moyo yanaweza kuruka juu. Hizo hupunguzwa taratibu. Mtu akielezwa hivyo anaweza kuamua. Akiambiwa tu "usiogope", atabaki na hofu yake na atakuwa amejifunza kutoitaja tena.

Kuna pia imani ya mawazo. Wagonjwa wengi wanaamini presha yao imeletwa na mawazo: ada za watoto, ndoa, deni la kikoba, shamba lililouzwa na ndugu bila kuulizana. Kutokana na imani hiyo kunazaliwa utaratibu kamili wa matibabu. Siku ya hasira, anameza. Siku ya amani, anapumzika. Sioni busara kubishana na mtu kuhusu mawazo yake, ambayo ni ya kweli na mazito. Aambiwe kwamba mawazo huipandisha presha kwa saa chache, nayo ikashuka, lakini presha yake yeye iko juu hata akiwa amelala usingizi mzuri. Ndiyo maana dawa yake haingoji hasira.

Kwa hiyo kuna wasiomeza na wasiomeza. Mwaka 2008 ulichapishwa uchambuzi wa wagonjwa 4,783 waliopewa dawa za presha kwenye chupa zenye kifuniko cha kielektroniki kinachoandika kila mara kinapofunguliwa. Karibu nusu walikuwa wameacha kabisa kabla mwaka haujaisha. Wale walioendelea, kwa siku yoyote ile, waliruka dozi kama moja katika kumi, na sehemu kubwa ya dozi hizo zilipotea kwa mkupuo: siku tatu au zaidi mfululizo bila dawa. Aliyesahau siku moja, aliyejipa likizo ya wiki na aliyeacha moja kwa moja wanahitaji msaada wa aina tatu, lakini kwenye kadi wote wanaandikwa kwamba hawamezi dawa.

Wapo na wanaomeza kwa ajili ya kliniki. Siku tatu kabla ya tarehe, vidonge vinatolewa kabatini na kumezwa bila kukosa, ili kipimo kisiwatie aibu. Hili ni la hatari kwa pande zote mbili. Kipimo kikitoka kizuri, daktari anaamini mwezi wote ulikuwa hivyo. Kikitoka kibaya, anaamini dawa haikutosha na kuongeza ya tatu. Siku mgonjwa huyo atakapolazwa kwa ugonjwa mwingine, akamezeshwa zote tatu kila asubuhi na muuguzi wa wodi, presha inaweza kuanguka hadi akazirai. Ndiyo maana kabla ya kuongeza dawa lazima ijulikane kama ile ya kwanza inamezwa.

Edward Freis, daktari wa Marekani aliyeongoza jaribio lililothibitisha kwamba dawa hizi zinaokoa maisha, alilijua hilo vizuri. Kabla ya kumwingiza mtu kwenye jaribio alimpa kwanza vidonge visivyo na dawa, vyenye vitamini inayoufanya mkojo ung'ae chini ya taa maalumu. Ambao mkojo haukung'aa, au ambao hesabu ya vidonge vyao haikulingana, hawakuingizwa. Mwaka 1967 akatoa matokeo ya wanaume 143 wenye presha kali: madhara mazito 27 kwa wasio na dawa, mawili tu kwa wenye dawa. Msingi wa tiba ya presha uliwekwa kwa watu waliochujwa kwa sababu wanameza. Kliniki haiwezi kuchuja. Inapokea wote.

Basi kinachobaki ni kuuliza, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo. "Unameza dawa?" ni swali lenye jibu moja. Katika nchi ambayo mtu humheshimu aliyevaa koti jeupe na kumwogopa kidogo, jibu ni "ndiyo, nameza". Ukiuliza tena kwa ukali, utapata "ndiyo" ya pili, na mlango umefungwa. Mgonjwa hapaswi kuitwa mwongo kwa jibu hilo. Anamlinda mhudumu asikasirike na anajilinda asidhalilike mbele ya foleni. Ukweli unapatikana pale ambapo kuusema hakumgharimu kitu.

Sikiliza namna nyingine:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Watu wengi wanaomeza dawa hizi, kuna siku zinawapita. Ukikumbuka wiki hii iliyoisha, zimekupita siku ngapi?"

"Mmh, mbili. Labda tatu."

"Pole, mama. Siku hizo ilikuwaje?"

"Nilikuwa nakwenda mnadani. Ile moja inanikimbiza chooni, na ukishapanda gari utajisaidia wapi?"

Hayo yamechukua nusu dakika. Kwa nusu dakika hiyo tumejua kwamba mama huyu hajasahau, hana dharau, wala haamini kwamba amepona. Anameza vizuri kabisa siku zote anazobaki nyumbani. Dawa ya kukojoza, yaani haidroklorothiazaidi au bendrofluazidi, inaweza kumezwa akirudi alasiri siku za mnada, ilimradi isiwe usiku ikamkatia usingizi. Hahitaji dawa ya tatu wala somo la kiharusi. Swali limefanya kazi kwa sababu limetanguliza kwamba kukosa ni jambo la kawaida, limetaja muda mfupi anaoweza kuukumbuka, na limeuliza siku ngapi badala ya kama zimempita. Na neno "pole" si pambo. Ndilo lililomhakikishia kwamba jibu lake halitageuzwa kuwa kesi.

Ukiuliza hivyo kwa wagonjwa wengi, madhara ya dawa ndiyo yatakayokujia mara kwa mara, na mengi yana ufumbuzi. Amlodipini huvimbisha miguu kwenye vifundo. Mgonjwa akiona hivyo anaamini figo zimekufa, kwa sababu ameona jirani aliyevimba miguu akafa kwa figo, na anaiacha dawa siku hiyo hiyo. Mara nyingi kupunguza dozi na kumwongezea dawa ya kundi jingine hutosha. Enalaprili, lisinoprili na kaptoprili huleta kikohozi kikavu, na kwetu kikohozi cha wiki mbili ni jambo zito: majirani wananong'ona, mgonjwa anapima makohozi, anapewa dawa za kifua zisizosaidia, bila mtu kuangalia kadi yake ya presha. Losartani hufanya kazi inayofanana bila kikohozi hicho kwa walio wengi. Ila midomo, ulimi au uso vikivimba ghafla kwa mtu anayetumia kundi hilo, dawa isimezwe tena na akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, maana koo linaweza kuziba. Mwanamke anayetumia enalaprili au losartani na anataka kupata mimba, au ameikosa hedhi, anapaswa kubadilishiwa, kwani dawa hizo humdhuru mtoto tumboni. Methaildopa na nifedipini hutumika badala yake.

La nguvu za kiume halisemwi. Mwanaume wa miaka hamsini na tano hatamwambia nesi wa umri wa binti yake kwamba tangu aanze dawa hawezi kitu. Ataacha kimya kimya, na akiulizwa atasema dawa ziliisha. Baadhi ya dawa za presha, hasa dawa za kukojoza na za jamii ya atenololi, zinaweza kuleta hali hiyo kwa baadhi ya watu. Presha yenyewe na kisukari huileta pia kwa kuharibu mishipa. Mhudumu ndiye aanze, kwa lugha ya heshima na faraghani: "Mzee wangu, dawa hizi wakati mwingine huwasumbua wanaume chumbani. Ikikutokea, usiache, niambie, zipo nyingine." Akishasikia kwamba zipo nyingine, ana sababu ya kurudi.

Baada ya madhara ni nauli. Dawa yenyewe inaweza kuwa rahisi, hata ya bure, na bado kliniki ya kila mwezi ikamgharimu mtu siku nzima: kutoka alfajiri, magari mawili, foleni ya kupima, foleni ya daktari, foleni ya dirishani, na pale dirishani kuambiwa moja ipo na nyingine akanunue. Mfukoni ana hela ya vidonge kumi. Ananunua kumi, kisha anavifanya viende mwezi kwa kuruka siku. Ukimwita mtu huyo mzembe, umekosea mahesabu. Yeye ameyafanya vizuri kwa pesa aliyonayo. Huduma za virusi vya UKIMWI zilishajifunza kumpa mgonjwa aliyetulia dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema mwenye presha iliyodhibitiwa anaweza kuonwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Kumwita kila mwezi mtu ambaye presha yake imetulia ni kumtoza kodi kwa kutii kwake.

Magharibi mwa Kenya, mpango wa AMPATH wenye makao yake Eldoret umejaribu njia ninayoipenda kwa sababu inatumia kitu ambacho watu wetu wanakijua tayari: kikundi. Katika vituo 24, wagonjwa 2,890 waligawanywa. Wengine walipata huduma ya kawaida, wengine walikutana na mhudumu wakiwa kikundi, wengine waliwekwa kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, na wengine walipata vyote viwili. Baada ya mwaka mmoja presha ya juu ilikuwa imeshuka kwa wastani wa 11.4 kwa wa kawaida na 16.4 kwa waliopata kikundi cha matibabu pamoja na cha fedha. Si tofauti ya kutangaziwa redioni. Lakini imepatikana bila dawa mpya, kwa kukaa pamoja, kuulizana hali, na kuwa na akiba ya nauli.

Njia nyingine ni kupunguza idadi ya vidonge. Wagonjwa wengi wanahitaji dawa mbili au zaidi, na dawa mbili zinaweza kuwekwa ndani ya kidonge kimoja kinachomezwa mara moja kwa siku. Tangu 2019 vidonge vya namna hiyo vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka huo huo utafiti uliofanyika katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, kwa wagonjwa 728, ulionyesha kwamba amlodipini ikichanganywa na haidroklorothiazaidi au na perindoprili hushusha presha ya Waafrika kuliko mchanganyiko usio na amlodipini. Huko kaskazini mwa California, shirika la Kaiser Permanente lilifanya mambo machache kwa ukaidi: daftari la kila mwenye presha, kidonge kimoja chenye dawa mbili, na kupimwa kwa msaidizi bila kulipa. Waliodhibitiwa walipanda kutoka asilimia 43.6 mwaka 2001 hadi 80.4 mwaka 2009. Kaiser ina fedha ambazo zahanati ya Nachingwea haina. Daftari, hata hivyo, ni daftari.

Sackett na Haynes hawakuishia kwenye kushindwa kule kiwandani. Waliwachukua wanaume 38 ambao presha haikushuka na ambao vidonge vyao vilikuwa vinabaki, na baadhi yao wakawafanyia mambo manne: waliwapa mashine wajipime nyumbani, waliwapa karatasi ya kuandika vipimo na vidonge, waliketi na kila mmoja kutafuta ni lini katika siku yake kidonge kingeweza kuingia, na wakawaona kila wiki mbili kuwapongeza walipofanya vizuri. Safari hii umezaji ulipanda, nao ukapanda kwa kiasi kikubwa, huku wenzao wakibaki pale pale. Hakuna kati ya hayo manne lililokuwa somo.

La tatu kati ya hayo halina gharama yoyote. "Meza kila asubuhi" ni agizo. "Asubuhi ukitoka kuswali, kabla hujakunja mswala" ni mpango. Kwa mwingine ni chai ya kwanza, kwa mwingine ni mswaki, kwa dereva wa daladala ni kabla ya kuwasha gari. Mgonjwa ndiye anayejua siku yake, kwa hiyo yeye ndiye achague. Ule uchambuzi wa vifuniko vya kielektroniki ulionyesha kwamba wamezaji wa asubuhi hukosa kidogo kuliko wa jioni, na nadhani ni kwa sababu jioni zetu hazitabiriki. Dozi ikimpita, aimeze atakapokumbuka siku hiyo hiyo. Ikishafika kesho, aendelee na ya kesho, asimeze mbili kwa pamoja. Mwezi wa Ramadhani uzungumzwe mapema, ndani ya Shaabani, maana mgonjwa asiyezungumziwa ataacha mwezi mzima kwa imani kwamba hana njia. Dawa ya mara moja kwa siku huhamia futari au daku bila taabu. Ya kukojoza ikimezwa daku humwongezea mfungaji kiu mchana, kwa hiyo futari huifaa zaidi. Anayemeza mara mbili au tatu kwa siku amwone daktari abadilishiwe kabla mwezi haujaandama.

Nyumbani kuna watu, na watu hao wanaweza kusaidia au kuharibu. Mke au mume, binti anayeishi na bibi yake, wafundishwe maswali yale yale ya upole badala ya kupewa kazi ya uaskari. Waambiwe pia kuhusu dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kwetu hununuliwa kama pipi kwa ajili ya mgongo na magoti, hupandisha presha na kudhoofisha kazi ya baadhi ya dawa zake, na zikikutana na losartani na dawa ya kukojoza zinaweza kuumiza figo. Mgonjwa anaweza kumeza kila kitu alichoandikiwa na presha ikakataa kushuka kwa sababu ya magoti. Parasetamoli ni salama zaidi kwake. Na kugawana vidonge na jirani "mwenye presha kama yangu" ni ukarimu unaoweza kuua, hasa kwa wenye pumu wakipewa propranololi. Kuhusu choya na kitunguu saumu, mhudumu akicheka, mgonjwa ataendelea navyo kwa siri na ataacha vidonge. Akiambiwa kwamba anaweza kunywa choya yake bila sukari na ameze dawa yake pia, atabaki na vyote viwili.

Mashine ya kupimia nyumbani, ya mkono wa juu na si ya kifundo cha mkono, ndiyo inayompa mgonjwa kitu ambacho presha imemnyima: anaona. Apime akiwa amekaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kitupu, bila kuongea. Nyumbani tunataka chini ya 135 kwa 85. Asiyeweza kununua anaweza kushirikiana na jumuiya, kikoba, msikiti au kanisa. Hata kinyozi. Los Angeles, utafiti ulioongozwa na Ronald Victor na kuchapishwa 2018 ulifanyika kwenye saluni 52 za wanaume weusi, baadhi zikapelekewa wafamasia. Kati ya wanaume 319, waliotibiwa pale pale kwenye kiti na mfamasia presha yao ya juu ilishuka kwa 27 katika miezi sita. Waliohimizwa tu na kinyozi wao waende kwa daktari ilishuka kwa 9.3. Kuhimiza kulisaidia kidogo. Mtu mwenye dawa kumfuata mgonjwa pale alipo kulisaidia mara tatu.

Limebaki jambo moja ambalo vitabu vya nje havilitaji, nalo ni msiba. Simu inaingia usiku, asubuhi mtu yuko kwenye basi la Singida, na vidonge viko Dar es Salaam. Atakaa huko siku nne, kumi, pengine hadi arobaini, akila chakula cha msibani chenye chumvi nyingi, bila usingizi, na huzuni juu. Hakuna atakayerudi mjini kufuata vidonge, na hakuna anayethubutu kusema msibani kwamba anahitaji famasi. Kwa hiyo ukanda mmoja wa akiba ukae siku zote ndani ya mkoba wa safari, ubadilishwe kabla tarehe yake haijapita. Jina la dawa na uzito wake viandikwe kwa herufi zinazosomeka, vipigwe picha kwa simu ya mgonjwa na ya mtu mwingine wa nyumbani. Rangi na umbo la kidonge hubadilika kila kiwanda, na mwenye famasi ya kijijini hawezi kufanya lolote na "ile nyeupe ndogo". Akioneshwa amlodipini ya miligramu 5, atajua amuuzie nini, na kama hana, atajua amwelekeze wapi.